Dawa ya Difu ya Magesa

Jirani yangu Magesa, hapa Buhare, ni mbishi. Atabishana na wewe kuhusu mvua huku mmelowa wote wawili. Ujanani alichunga ng'ombe wa baba yake kule Butiama, kisha akafanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu Kiabakari, hadi akachoka, akauza ng'ombe wake, akanunua pikapu kuukuu. Tangu hapo kazi yake ni kuwabeba akina mama wa Mwigobero na magunia yao ya dagaa kwenda mnadani Kiabakari.

Mwaka huu difu ya pikapu ikaanza kulia. Difu ni lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, lenye gia ndani. Meno ya gia yakilika, huwa inapiga mluzi. Ya Magesa ilipiga yowe. Mwishowe Pelagia, msemaji wa akina mama, akamwambia wazi kwamba wamechoka kufika mnadani vichwa vinawauma, hata simu ya mteja hawawezi kuipokea njiani. Ikilia tena Jumamosi, wanahamia kwa dereva mwingine. Na Magesa hana wateja wengine.

Fundi wetu, Felisian, alimshauri ifunguliwe, gia na beringi zibadilishwe. Magesa akabisha. Alikuwa amesikia kuna dawa inauzwa Bunda. Unaichanganya na oili, oili inakuwa nzito, inang'ang'ania meno ya gia, kelele kwisha. Felisian akasema dawa hiyo inatuliza tu, meno yaliyolika hayaoti tena. Alikuwa anaongea na mgongo wa mtu. Magesa alikwenda Bunda, akarudi na chupa mbili, akamwaga oili ya zamani inayonuka kama yai viza, akajaza mpya pamoja na ile dawa nzito kama asali.

Akaliendesha gari hadi Kitaji na kurudi. Aliposhuka alikuwa anatabasamu peke yake.

"Imenyamaza," akaniambia.

Nilibaki nimeduwaa, maana nilikuwa nimemsikia tangu anakata kona. Yowe lilikuwa limepungua kidogo, lakini kunyamaza? Nilimwambia bado inalia. Akasema nina wivu. Alivyokuwa na uhakika, nilianza kuyatilia shaka masikio yangu mwenyewe.

Jumamosi akawabeba akina mama. Walipofika Kiabakari, Pelagia alishuka, akamshukuru kwa miaka yote, akamwambia watarudi na gari lingine. Magesa akarudi mtupu. Nilitegemea hasira, lakini hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Kila mara aliniuliza kwa nini watu aliowabeba miaka yote wamzushie jambo kama hilo. Nikaenda kumwita Felisian.

Felisian akainua nyuma ya gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, akaniambia niwashe na kuingiza gia, magurudumu yazunguke hewani. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye difu, mpini akauweka sikioni. Akarudisha kichwa haraka. Kisha akampa Magesa bisibisi. Magesa akalala chini, akasikiliza kwa sikio la kulia, akahamia la kushoto, akarudia tena la kulia.

"Mkono unatetemeka," akasema. "Lakini sisikii kitu."

Hakuna aliyecheka. Felisian akamwinamia na kumweleza kwamba difu inalia. Dawa imepunguza sauti kidogo tu, na kwa masikio yaliyokwisha kwenye mashine za mawe, kidogo hicho kinatosha kuipoteza yote. Magesa akanitazama, nami nikatazama chini kwa aibu. Miaka yote nilimwita mbishi, na huenda nusu ya maneno aliyoyabisha hakuwa ameyasikia.

Mke wake, Sabina, alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Akaja taratibu huku anafuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti kando yake.

"Baba Stellah, kumbe hata yale nilikuwaga nakuambia jioni, hukuyasikia?"

Magesa akauliza yapi. Sabina akamsogelea sikioni, akaanza kulia kabla hajasema.

"Nilikuambia nimechoka kukaa na mtu hanijibu. Nikakuambia tukimaliza kuvuna mtama narudi kwetu Bunda. Ukanyamaza tu, nikajua umekubali. Vyombo vyangu nimeshafunga."

Magesa alimtazama mdomoni muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Sijakubali," akasema kwa sauti ya kushinda injini.

Felisian akanipa ishara nizime injini ili waongee vizuri. Uwanja mzima ukatulia. Magesa aliendelea kupaza sauti vilevile, "Sijakubali, mama Stellah, sijakubali," hadi majirani wakatoka nje.