Siku Nilipomleta Mkunga Kinyumenyume

Bora niseme mwenyewe, maana hata nikinyamaza kuna majirani zangu wa Mlandege watakaoisimulia kwa niaba yangu, tena wataitia chumvi: mimi Khamisi, dereva, niliyekuwa nikipita mjini na kofia yangu ya viua kichwani, kidevu juu, simtazami mtu, ndiye niliyemtoa mkunga Bububu nikamleta mjini kinyumenyume, mgongo wa motokaa mbele na uso wake nyuma, mchana kweupe, na nusu ya Unguja imesimama inatazama.

Motokaa yenyewe ilikuwa ya Sheikh Nassor, mwenye mashamba ya karafuu, naye aliinunua kuukuu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nyumba ya Sheikh iko ndani mjini, na kichochoro chake punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi alikotoka, kwa hiyo gari lililala kwangu, bandani, chini ya makuti, na mimi ndiye niliyekuwa dereva, ndiye fundi, ndiye mlinzi, na kwa maringo niliyokuwa nayo karibu ningesema ndiye mwenyewe.

Sasa gari lile mkono wake wa gia ulikuwa nje, upande wa kulia wa dereva, na chini yake kuna fimbo ya chuma inayokwenda mpaka kwenye sanduku la gia. Pale fimbo inapoungana na mkono palikuwa na pini, na pini ilikuwa imelika, mkono ukawa unacheza kama jino la mtoto. Unatafuta gia ya pili unapata ya kwanza, unatafuta ya kwanza hupati kitu. Fundi chuma aliniambia nimpe wiki anifulie pini mpya. Nikaona wiki nzima ya nini, na mimi mikono ninayo? Nilikuwa na msumari wa shaba, ule wa kupambia milango mikubwa. Nikautia tunduni, ukaenea. Nikaukata, nikaupinda ncha, nikausugua kwa majivu mpaka ukang'ara, nikaupaka mafuta ya nazi (grisi sikuwa nayo), kisha nikakaa mbali kidogo nikautazama kama mtu anayetazama picha. Kwamba shaba ni laini nilijua, jamani, nani asiyejua? Lakini ilipendeza.

Mke wangu Mwanaidi alikuwa amekaa kizingitini, mimba yake pevu, anachambua mchele.

"Bwana, huo si msumari wa mlango?"

"Ndiyo. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku, msumari haung'oki. Gari litaushinda kwa nini?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nilipenda acheke, kwa sababu watoto wetu wawili wa mwanzo hatukujaaliwa kukaa nao, wote walifia katika kuzaliwa, na mimba hii tulikuwa tukiitaja kwa sauti ndogo, kama tunaogopa itatusikia.

Kesho yake asubuhi uchungu ukamshika. Mkunga wa mtaani kwetu akaja, akampapasa tumbo, akatoka ukumbini na uso uliobadilika. "Khamisi, mtoto kakaa vibaya, anatanguliza makalio. Mimi sithubutu. Kamlete Bi Kheri wa Bububu, na usikawie."

Bi Kheri alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, sauti yake kubwa kuliko yeye, na watoto waliokaa vibaya ndiyo kazi aliyojulikana nayo. Niliendesha gari mpaka Bububu (mbele, tena vizuri, mkono wa gia umetulia, hata katika hofu ile nikausifu msumari wangu), nikaingia uani kwake.

"Shikamoo, Bi Kheri."

"Marahaba. Uchungu umeanza lini?"

Nikamweleza. Hakuuliza la pili, akachukua kikapu chake, akajitupia buibui, akapanda kiti cha nyuma. Nikatia gia ya kurudi nyuma ili nitoke uani, nikasikia "tak!" na mkono wa gia ukanilegea mkononi. Msumari umekatika, fimbo inaning'inia, na gia imebaki ndani huko huko, kwenye kurudi nyuma.

Nikaingia chini ya gari nikavuta, nikasukuma, nikaungua kiganja kwenye bomba la moshi. (Leo najua pa kushika, ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini siku ile ungeniuliza jina la baba yangu nisingekujibu.) Nikatoka nimejaa vumbi na machozi yamenilenga.

"Haliendi?" akauliza Bi Kheri.

"Linakwenda, Bi, lakini nyuma tu."

Akageuka akatazama. Nyuma ya gari ilikuwa imeelekea barabarani, na barabara inakwenda mjini.

"Basi twende. Mkeo hana haja ya kujua nimekuja kwa uso au kwa mgongo."

Ndivyo tulivyotoka. Tatizo ni kwamba mimi sikuona kitu, paa la turubai lilikuwa limekunjwa nyuma, limesimama kama godoro. Bi Kheri akapiga magoti juu ya kiti, akalishika turubai kwa mikono miwili, akawa ananitazamia njia. "Kulia!" Nikapinda kulia. "Kulia nshakwambia!" Nikazidi kupinda, na kumbe kulia kwake yeye aliyetazama nyuma ni kushoto kwangu mimi niliyetazama mbele, tukaacha barabara, tukaingia uwanjani kwa mtu, tukaukumba uchanja wa vyombo, masahani yakalia.

Mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi. "Hee! Mna wazimu nyie?"

"Nnakwenda kuzalisha," Bi Kheri akamjibu kutoka juu ya kiti, "na mtoto kakaa vibaya."

Yule mama aliutupa mwiko, akawaita wifi zake, wakalisukuma gari mbele kwa mikono yao, maana mbele lenyewe lilikuwa haliwezi, wakatufikisha barabarani, na huku vyombo vyao vimelala chini vipande vipande. Mimi hata kuomba radhi sikuwahi.

"Tuache hayo ya kulia na kushoto," akasema Bi Kheri. "Nikisema pwani, pinda bahari iliko. Nikisema shamba, pinda kwenye minazi. Umefahamu?"

"Naam, Bi."

Na hivyo tukaenda, yeye anapiga kelele "Pwani! Pwani kidogo! Shamba!" na mimi nimekaza usukani, shingo inaniuma, watu wanatoka majumbani na tonge mkononi. Tulipofika Mtoni likatukuta gari la moshi linalotoka Bububu, limejaa watu, na wote, wallahi wote, wakahamia upande wetu.

"Khamisi! Gari limekununia, limekupa mgongo?"

"Dereva! Mjini huendi, unarudishwa!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Bi Kheri aliwapigia ukelele kwamba kuna mzazi anamngoja, na kicheko kikakatika palepale. Dereva wa treni akatupita akawa anapiga king'ora mfululizo, si kwa ajili yake, kwa ajili yetu, mpaka mbele kule ng'ombe na wachukuzi wakaondoka njiani. Nalikumbuka jambo hilo mpaka leo na moyo unanilainika.

Darajani ndiko nilikokufa kabisa. Pale kwa muuza kahawa, barazani, alikuwa amekaa Sheikh Nassor na wenzake, joho lake, bakora yake, kikombe kimefika mdomoni. Akaliona gari lake linakuja kwa kisogo, bibi kizee kapiga magoti ndani anapunga mkono, na dereva wake kapakaa vumbi. Kikombe kikabaki hewani.

"Assalaam alaykum, Sheikh," nikasema (sijui kwa nini, salamu ilinitoka tu).

"Usisalimie watu, tazama njia!" akanikemea Bi Kheri. Mahamali wakaacha mizigo yao wakatangulia mbio, "Pisheni! Pisheni, mkunga!" wakatufikisha mpaka mlangoni kwangu.

Bi Kheri akashuka kabla gari halijasimama. Mimi nikabaki nje, nimekaa kwenye ngazi ya motokaa, nasikia sauti ya Mwanaidi, kisha siisikii, na hapo ndipo nilipoujua uzito wa msumari wa shaba. Niliwaza, akifa, au mtoto akifa, nitakuwa nimemuua kwa urembo. Nilimuomba Mungu vibaya, bila mpango, maneno yananigongana.

Kikaja kilio. Chembamba, cha hasira. Nililia kwa sauti mbele ya mahamali, wala sikuona haya, aibu yangu yote ya siku ile nilishaimaliza njiani.

Bi Kheri akatoka anajifuta mikono. "Mtoto wa kike. Katanguliza makalio kweli, lakini katoka. Mama yake mzima, anaomba chai." Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Siku ya kunirudisha kwangu, Khamisi, nitafutie punda."

Sheikh alikuja jioni, nami nikajua kazi imekwisha. Akauliza hali ya mzazi, akauliza kilichokatika, nikamwonyesha. Akaugeuzageuza ule msumari, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kazi akaniachia. Tangu hapo nimeapa, na nakula kiapo hicho tena mbele yenu: pini ya gia nitaingoja kwa fundi chuma hata mwezi, na kitu cha kung'ara nitamnunulia Mwanaidi avae.

Bi Kheri alipokwisha kumwangalia mzazi kwa siku zake, nilimkodia punda mpole, nikamwongoza mwenyewe kwa miguu mpaka Bububu, na kwenye kikapu nimebeba sahani mpya za yule mama tuliyemvunjia vyombo. Nilijua njia nzima watanicheka, na kweli walinicheka, pale Darajani, pale Mtoni, kila mahali. Lakini hapana hata mmoja aliyecheka kabla ya kuuliza, "Mzazi vipi?" na mimi nikawa najibu, "Salama, wote wawili," nyumba kwa nyumba, mpaka sauti ikanikauka.