Mpiga Picha na Tochi Yake

Mpiga picha huyu hawezi kugusa kamera yake bila kwanza kupuliza lenzi mara tatu, kama anayepoza chai ya mtoto. Halafu hukunja mikono ya shati, hukohoa kidogo na kumwambia mkewe, "Usipumue." Miaka sita sasa mkewe hapumui. Hubeba stendi begani na kumsubiri bwana mkubwa amalize kuulaumu mwezi. Mwezi ukiwaka, una kiherehere. Usipotoka, una dharau. Yeye hajakosea hata siku moja.

Usiku mmoja alitaka kuchora mstari wa mwanga juu ya mtaa mzima. Mkewe aliambiwa abonyeze kitufe na kukishikilia, ili kamera ikusanye kila mwanga utakaopita. Mwenyewe akawasha tochi, akaanza kurudi kinyumenyume huku akiipunga na kuhubiri. "Mama watoto, hii kazi inataka macho," alisema, akatumbukia mtaroni. Tope lilimfika kiunoni. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Umetikisa kamera?"

Mkewe hakuitikisa. Ndiyo maana picha ile imetundikwa sebuleni: mstari mweupe unaelea juu ya mtaa, kisha unashuka ghafla, kwa madaha. Jana mgeni aliikodolea macho mpaka chai yake ikapoa.

"Huu mteremko umeupataje?"

Mpiga picha akakohoa kidogo. "Uzoefu, ndugu yangu. Hapo nilikusudia."

Mkewe akatua sinia mezani. "Baba watoto," akasema, "mwonyeshe na ile suruali."