Mafuta Mepesi ya Taputu

Kama kuna mtu pale kijijini Parea aliyewahi kumwona Taputu akimaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa, hajajitokeza kusema. Huinywa akizunguka: funda moja mlangoni, la pili chini ya mshelisheli, la mwisho akiwa barabarani anamwuliza jirani kama mvua itanyesha. Aliwahi kufuga kuku, akachoka nao. Aliwahi kuendesha gari la watalii hapohapo kisiwani kwao Huahine, akaacha kwa kuwa watalii walitaka kusimama kila mahali. Miaka mingi aliimalizia kisiwa cha mbali, kwenye shamba la lulu la shemeji yake Manarii, akisugua chaza huku moyo uko nyumbani. Aliporudi safari hii alimwapia mkewe, Moeata, kwamba kule harudi tena.

Manarii alicheka tu. "Meli yangu inaondoka baada ya mkutano wa kanisa, shemeji. Nafasi yako ipo."

"Akipata kazi ya kumweka hapa, atabaki," Moeata alisema. "Asipopata, mchukue. Siwezi kuishi na mwanamume anayefagia uwanja asubuhi, mchana na jioni."

Kazi ikaletwa na Mama Tetuanui, kiongozi wa akina mama wa usharika. Mkutano wa visiwa ulikuwa Januari, joto likiwa limepamba moto, na mwaka uliotangulia monoi, yaani mafuta ya nazi na maua, waliyojipaka wanawake ilikuwa nzito mno. Wawili walizimia wakiwa na kofia zao kichwani, na mchungaji alihubiri huku ameshika leso puani.

"Nataka mafuta mepesi," Mama Tetuanui alimwambia Taputu. "Ua lisikike kwa mbali, tunda lisikike kwa mbali. Mama yako alikuwa anajua. Wewe ulikuwepo anapotengeneza, au ulikuwa unakimbiakimbia?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Unakimbia."

"Nilikuwa nakimbia hapohapo."

Basi Taputu akakuna nazi, akaichanganya na wale kaa wadogo wanaojificha kwenye makome, maana bila wao nazi haitoi mafuta vizuri. Akachuma tiare, maua meupe ya kunukia, zingali matumba, akazianika kivulini zinyauke, zisije zikaingiza maji. Akavitia vyote kwenye chupa ya mdomo mpana, akaiweka juani, juu ya bati la lile banda la kuku lililobaki tupu. Mpaka hapo alipatia kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kuiacha.

Kuiacha ndiko kulikomshinda. Kesho yake aliifungua akanusa, akaona ua limezidi. Akatia ganda la balungi. Siku iliyofuata hakulisikia balungi hata kidogo, akatia mengine. Baadaye ganda la embe, baadaye la nanasi, halafu balungi tena. Wingu likitokea mlimani huondoka mbio kuikumbatia chupa na kuiingiza ndani. Jua likirudi, anairudisha. Chakulani alikuwa akimega samaki macho yako dirishani.

"Unakwenda wapi?" Moeata humwuliza.

"Kuangalia bati."

"Bati limefanya nini?"

"Ndiyo naenda kuangalia."

Siku ya mkutano ilipofika, akachuja. Mafuta yalikuwa na rangi hafifu, na harufu yake ilikuwa na aibu. Mama Tetuanui alijipaka kiganjani, akanusa, akanusa tena.

"Taputu, hii ni monoi au maji ya kusuuzia chupa?"

Manarii alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa. "Usisahau koti, shemeji. Baharini kuna upepo."

Wanawake walijipaka hivyohivyo, maana hakukuwa na mengine. Wakaingia na magauni yao meupe, wakabanana kwenye viti, nyimbo zikaanza. Taputu hakuthubutu kukaa. Alilizunguka kanisa kwa nje, akisimama dirisha hili, akihamia lile, akijiona tayari yuko melini.

Joto lilipopanda, akiwa dirisha la nyuma, alisikia kitu. Kwanza alidhani kuna mtu anamenya balungi. Kisha likaja ua, taratibu, likapita, kikapita kitu kama embe, ua likarudi. Miili ilikuwa imepata moto, na mafuta ndiyo kwanza yanaamka. Mgeni mmoja wa kisiwa cha Raiatea aliacha kuimba, akainama kumnusa jirani yake shingoni bila hata kumwomba radhi. Mchungaji alihubiri, leso iko mfukoni.

Walipotoka, Mama Tetuanui alimshika Taputu mkono asije akakimbia. "Pasaka tunakwenda Raiatea, na wenzetu wa kule wameshataka yao. Kazi ni yako. Lakini yawe hayahaya. Ukiniletea mengine, sichukui."

Taputu alirudi nyumbani miguu mizito. Alimkuta Moeata akichoma shelisheli, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Sijui nilitia nini," alisema. "Nilikuwa naifungua."

"Najua."

"Kila siku."

"Taputu, hakuna bati lililokaguliwa kama lile." Moeata aligeuza shelisheli motoni. "Ukishashuka ukaenda baharini, mimi napanda. Naokota maganda yako yote natupa. Yangeshinda mle mafuta yangechacha, na wewe ungeondoka na kaka yangu."

Taputu akafikiri. Maganda yalikuwa yanaingia asubuhi na kutoka kabla ya mchana. Yalikuwa yanapita tu mle ndani.

"Sasa nimeharibu au nimepatia?"

"Hata mimi sijui. Wewe kesho tia, mimi nitatoa."

Meli ya Manarii iliondoka juma lilelile. Taputu alikwenda gatini kumuaga, akampa chupa ndogo ya yale mafuta. Manarii akaifungua, akanusa, akasema hasikii kitu. Taputu akamwambia ajipake afanye kazi kwanza. Hakungoja meli igeuke, kwani upande wa mlima palikuwa peusi na chupa mpya ilikuwa juu ya banda. Akaondoka mbio, kandambili moja mkononi.