Ngumi ya Mwendesha Kreni

Taarifa ya polisi kuhusu kaka yangu ina mistari sita. Mstari wa nne unasema marehemu aliwaonyesha askari ngumi. Hilo ni kweli, nililiona kwa macho yangu nikiwa mlangoni mwa stoo. Mengine yaliyomo si kweli. Mama hajui kuandika, na wifi yangu bado hajaweza hata kumaliza sahani ya chakula, kwa hiyo nimekaa mimi niandike kaka alikuwa mtu gani na ngumi ile ilikuwa na maana gani.

Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Baba alipofariki, kaka alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule akaenda kubeba zege ili mimi nisome. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo. "Wewe soma, mdogo wangu," alikuwa akisema, "mimi kichwa changu kimejaa saruji." Ulikuwa uongo wa mapenzi, maana kampuni ilipopeleka vibarua kumi na wawili kujifunza kuendesha kreni, yeye ndiye aliyeshika namba moja.

Kwa miaka kumi na moja ofisi yake ilikuwa chumba cha vioo juu ya mnara wa chuma, kina kiti kimoja, chupa ya chai na picha ya wanawe wawili iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi. Alipanda kwa ngazi, vidato mia na themanini, na hakushuka mpaka chakula cha mchana. Kila asubuhi alisimama chini ya ngazi, akavua kofia ya kazi, akasali. Hakusali kwa maringo. Ilikuwa kama mtu anayemuaga mwenye nyumba. Wenzake walimwita Mzee wa Juu.

"Mzee wa Juu, huko kwa Mungu wanasemaje leo?" walimpigia kelele.

"Wanasema ufunge zipu."

Kanisani alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, na Mungu anisamehe, aliimba vibaya. Mwalimu wa kwaya alimvumilia kwa sababu ndiye aliyebeba spika.

Mimi nilikuwa mtunza stoo pale pale kwenye jengo. Yeye ndiye aliyeniombea kazi. Nilitoa misumari, glovu na buti, nikaandika nani kachukua nini, na kutoka mlangoni kwangu niliona geti, barabara, na nikiinua shingo, chumba chake cha vioo.

Sasa nieleze jinsi walivyofanya kazi, maana bila hilo hakuna atakayeelewa. Malori ya nondo yalisimama getini, upande ambao ghorofa zilizokwisha kujengwa zilimzuia kaka kuona. Alinyanyua mzigo asioutazama. Macho yake yalikuwa mtu wa chini tuliyemwita Kasuku. Redio za kuongelea ziliharibika mwaka wa kwanza, na kampuni ikaahidi mpya hadi tukachoka kuuliza. Basi saa mbili asubuhi Kasuku alimpigia kaka simu, wote wawili wakaweka vidude masikioni, na simu haikukatwa mpaka saa sita.

Sharti la kaka lilikuwa moja: mzigo ukiwa hewani, Kasuku asinyamaze. Aseme chochote, atukane, asimulie mpira, lakini sauti isikatike. "Ukinyamaza nasimama papo hapo," alimwambia. "Hata kama umenyamaza kupiga chafya." Ndiyo maana kutwa nzima tulimsikia Kasuku akibwabwaja: "Pandisha baba, pandisha, polepole, kama unamwamsha mama mkwe, pandisha, hapo hapo, usije ukamwangusha mama wa watu..."

Na kama simu ingekufa kabisa, walikuwa na njia ya pili. Kasuku alipaswa kuvuka barabara mpaka ukingo wa pili, mahali walipoonana. Kaka angefungua dirisha atoe mkono uliokunja ngumi. Kwa watu wa kreni ngumi ni neno: nimesimama, sisogezi kitu, nasubiri. Kasuku angejibu kwa ngumi yake, kisha angemwelekeza kwa vidole. Walifanya hivyo mara nyingi, betri ikiisha. Hata mimi nililijua.

Alhamisi ile watu waliandamana kudai wenzao waliokuwa mahabusu wiki tatu bila kufikishwa mahakamani. Tuliwasikia wakipita mtaa wa nyuma wakiimba. Saa nne hivi gari jeupe lenye antena nne juu ya paa likaja likasimama karibu na geti letu, injini ikiwaka. Askari wakaweka vizuizi pande zote mbili za barabara. Hatukujua gari lile ni la nini. Mpishi wa kibandani alisema labda ni la televisheni, akajifuta uso kwa kanga apate kuonekana vizuri.

Furushi la nondo lilikuwa linapanda. Kasuku alikuwa anasimulia alivyogombana na mkewe kuhusu sufuria. Katikati ya neno nikamwona anashika sikio, anatazama simu, anaitikisa. Nikatazama yangu. Hakuna mtandao. Juu, furushi likasimama. Tani mbili za chuma zikabaki zikining'inia juu ya geti, urefu wa watu watatu kutoka chini. Kaka alikuwa ametimiza sharti lake.

Kasuku akaanza kukimbia kuvuka barabara. Hakufika. Mabomu ya machozi yalilipuka mtaa wa nyuma na watu wakamiminika, kina mama, wanafunzi, mwanamume mmoja sikio likivuja damu, wakaingia getini kwetu kujificha. Askari wakaja nyuma yao na marungu. Niliona mwanamke akipigwa mgongoni mpaka akaacha kupiga kelele, na askari akaendelea. Niliona meno ya mtu juu ya mchanga. Nilivuta wasichana wawili ndani ya stoo, nikafunga nusu ya mlango.

Mkuu wao, mtu mnene mwenye fimbo nyeusi, alifika getini, akainua macho, akaona zile nondo juu ya kichwa chake. Akaruka nyuma.

"Nani anaendesha hiki kitu? Anataka kutuua!"

Wakamshika Kasuku kwa sababu alikuwa na kizibao cha rangi ya machungwa. Wakampigisha magoti katikati ya barabara.

"Mwambie ashushe!"

"Afande, nashushaje? Hanioni mikono, na..."

Rungu likamshukia begani. Nilisikia mfupa.

"Mpigie simu!"

"Hakuna mtandao, afande! Mmezima ninyi!"

"Nimesema mpigie!"

Na Kasuku, mkono mmoja ukilegea kama kitambaa, akabonyeza simu isiyo na mtandao, akaiweka sikioni, huku wakimpiga kwa sababu haikuita. Jambo hilo ndilo linalonirudia nikiwa kwenye sala. Walimvunja mtu akitii.

Hapo dirisha la juu likafunguka. Kaka hakuona geti, hakujua kuna nini chini yake. Alisikia mabomu, alisubiri mtu wake, mtu hakuonekana. Akafanya alichofundishwa. Akatoa mkono, akakunja ngumi, akaushikilia hewani.

"Anatuonyesha ngumi," alisema askari mmoja aliyesimama ukingo wa pili wa barabara.

Kasuku alipiga ukelele. "Hapana! Anasema amesimama! Anasema amesi..." Buti likamwingia mdomoni.

Milio ya risasi ilikuwa mitatu. Ule wa pili uliupiga mkono. Niliuona ukibadilika umbo. Wa tatu ulipita kwenye kioo. Mkono ukabaki unaning'inia nje ya dirisha, na damu ikatiririka kwenye chuma cheupe cha mnara.

Nondo hazikuanguka. Kreni ile ukiachia usukani inajifunga breki yenyewe.

Nilitoka mbio. Hospitali iko mitaa mitatu kutoka pale, na namba ya gari la wagonjwa imebandikwa kwenye ukuta wa stoo kwa maandishi yangu mwenyewe. Nilifika kwenye kizuizi, nikawaambia kuna mtu anakufa. Walinirudisha kwa rungu la mapaja, mara mbili, bila hata hasira. Nikamrudia yule mkuu. Alikuwa ameegemea gari jeupe, na sasa nilikuwa nimeelewa kwamba antena zile ndizo zilizozima simu zetu.

"Baba," nilimwita, naye si baba yangu, "yule ni kaka yangu. Washa mtandao dakika moja tu niite gari la wagonjwa."

"Nikikuwashia wewe nimewawashia wote. Wataitana waje wengine."

"Kuna swichi humo ndani. Dakika moja tu."

"Dada, mimi nina mamlaka ya kuzima saa sita mfululizo. Siombi ruhusa ya jaji, siombi ya mtu yeyote. Sheria imenipa ili nilinde maisha."

"Basi linda la yule!"

Redio ikakoroma begani kwake, sauti safi kabisa, mtu akiuliza kama waletewe maji ya kunywa.

"Hiyo inaongea," nilisema. "Waambie kwa hiyo."

"Hii ni ya kazi," akajibu, na akaipunguza sauti.

Nilipiga magoti mbele ya mtu yule. Sijawahi kumpigia magoti yeyote asiye Mungu. Akamwambia askari anisogeze, na askari akanisogeza kwa kunikamata nywele.

Aliyepanda ni fundi wa nondo, jitu la watu, sisi tunamwita Bonge. Hakumuuliza mtu ruhusa. Alipanda vidato mia na themanini na kamba begani, huku askari mmoja aliyebaki chini akimlenga kwa mtutu wa bunduki mpaka alipofika juu. Yeye ndiye aliyenieleza ya ndani. Alimkuta kaka bado ana fahamu, amekaa sakafuni katikati ya vioo, amebana shingo kwa mkono mzima. Alimuuliza Bonge swali moja: "Mzigo umempata mtu?" Bonge akamwambia hapana. Akasema, "Asante, Bwana," lakini hakuwa anaongea na Bonge.

Bonge akamfunga mgongoni kama mtoto, akaanza kushuka. Niliwahesabia kila kidato. Katikati ya mnara Bonge alisimama, kichwa kimeegemea chuma, na nikajua. Hakuna aliyeniambia. Kisha akaendelea kushuka, polepole zaidi, kwa kuwa maiti ni nzito.

Alipomlaza chini, damu ilikuwa imemfunika Bonge kuanzia shingoni hadi kwenye buti. Tangu risasi ya kwanza zilikuwa zimepita dakika hamsini. Daktari alituambia baadaye kwamba kwa jeraha lile, angefikishwa hospitali ndani ya dakika ishirini angepona.

Askari mdogo akaja na pingu.

"Yuko chini ya ulinzi."

"Afande," Bonge akasema, "mtu amekufa."

"Daktari ndiye atakayesema."

Akajaribu kumfunga. Mkono wa kulia pingu haikukaa, hapakuwa na kifundo cha kuishikilia. Akamfunga wa kushoto, na upande wa pili akaufunga kwenye ngazi. Askari mwingine akaniletea daftari, akataka jina kamili la mtuhumiwa. Nikalitaja. Aliliandika kwa kukosea, nikamwambia afute, akafuta, na nilisimama hapo mpaka alipoliandika sawasawa.

Kasuku alikaa hospitali miezi miwili. Bega limeunga vibaya, na siku hizi anaongea kidogo sana. Yule mkuu bado yuko kazini. Tumepeleka shauri mahakamani, mimi na wifi, na hatuombi fidia. Tunataka jaji atamke kama mtu mmoja anaweza kufunga midomo ya mji mzima kwa swichi, bila kumjibu yeyote, huku watu wakivuja damu. Mawakili wa upande wa pili wameomba kuahirisha mara tatu. Mchungaji ananihimiza nisamehe. Namwambia nasali niweze, na ni kweli nasali, lakini bado.

Siku ile mtandao ulirudi jioni. Mimi sikuungoja. Walipofungua vizuizi nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa kaka, karibu saa nzima, gauni likiwa limekauka damu mbele, pale nilipomkumbatia. Wifi alikuwa uani anafua ovaroli ya pili ya mumewe, ile ya kuvaa Ijumaa, anasugua kola kwa sabuni ya mche. Hakuwa amesikia lolote. Alitaka kunisalimia, akaniona gauni.

Nilimwambia aache kufua.