Vasemaca Aliyewafundisha Wageni Kuficha Majina

Meza yangu ya mananasi inapakana na meza ya Vasemaca, anayeuza katika soko la Suva mizizi ya yaqona, ile inayopondwa kuwa kinywaji cha heshima cha visiwani kwetu. Nisiposimulia habari zake mimi, sijui atasimulia nani, maana yeye mwenyewe ukimsifu anakuuliza kama umekuja kukopa.

Siku meli za watalii zinapotia nanga, wachongaji hujaa barabarani na panga zao za mti. Mgeni anaamkiwa kwa tabasamu, anaulizwa anaitwa nani, na kabla hajajua lipi ni lipi jina lake limeshachongwa kwenye upanga. Anaambiwa ni zawadi. Akiupokea tu, zawadi inageuka dola hamsini, na wanaume wamemzunguka wakidai kwamba upanga wenye jina lake hataununua mtu mwingine. Jambo hilo lilimkera Vasemaca kuliko wizi wa kawaida. Alisema wanaufanya ukarimu wetu kuwa mtego, na mimi nakubaliana naye kabisa.

Wageni waliopita mezani kwake aliwaonya wasitaje jina, wala wasipokee kitu kabla ya kuuliza bei. Aliyeona haya kunyamaza alishauriwa ajiite Vasemaca, kisha aongeze jina la baba yake, la babu na la kijiji kizima. Kuna mchongaji alifika katikati ya upanga akaomba maji ya kunywa.

Na mchongaji akiwa mtani wake, kazi ilikuwa rahisi zaidi. Kijiji cha kina Vasemaca na vijiji vya ng'ambo ya ghuba ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu mtani huna la kumfanya: anakutukana unacheka, anachukua chako unamwachia. Basi aliwaendea mchana kweupe, akawapokonya panga mikononi. "Lete hapa, mwizi we, pua kama kiazi." Mwizi anacheka mpaka machozi, na mgeni ameshakwenda zake na pochi yake. Hakuna ngumi wala polisi. Mimi nisingeweza, hasira zangu ziko karibu mno.

Asubuhi moja bibi wa New Zealand aitwaye Maureen alipita, akafundishwa kama wengine, na hakufika mbali kabla ya kusahau. Nilimwona amebanwa ukutani, anafungua pochi. Aliyembana alikuwa mchongaji mpya, jamaa mrefu anayeitwa Apenisa. Vasemaca alimtazama mara moja tu, akaniambia huyo ni wa ng'ambo ya ghuba, pua ni ileile. Akaenda, akampokonya upanga na kumwita mwizi mbele ya watu wote.

Apenisa hakucheka.

"Mimi ni mtu wa milimani, mama," akasema. "Wewe si mtani wangu."

Kumtukana hadharani mtu asiye mtani wako, na kumnyang'anya kitu mkononi, kwetu si jambo dogo. Apenisa akasema anakwenda kwa wakubwa wa soko, na sote tulijua watamwondoa Vasemaca mezani. Meza hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wake tangu mumewe alipofariki. Wachongaji wengine walikuwa wameshaanza kukonyezana, kwa kuwa Vasemaca akiondoka barabara ni yao.

Vasemaca aliuacha upanga miguuni pa Apenisa, akarudi mezani, nami nikamnong'oneza aende nyumbani kwanza, tutamtafutia mtu wa kumwombea.

"Niende wapi? Nimemkosea mtoto wa watu," akanijibu.

Akainama chini ya meza, akatoa fungu la mizizi minene aliyoiweka kwa harusi ya binti yake, ambayo hata ungempa nini asingekuuzia. Akalibeba kwa mikono miwili, akapiga magoti juu ya lami mbele ya Apenisa, na Maureen bado amesimama palepale.

"Baba, naomba radhi," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa wauza samaki. "Nimekupokonya upanga uliomchongea mama huyu bila yeye kuomba. Ulimwambia ni zawadi, kisha ukamtaka dola hamsini. Mimi nikakuita mwizi kwa utani. Sikuwa na haki ya kulisema neno hilo kwa utani."

Anayeletewa yaqona kwa magoti hawezi kuikataa mbele za watu, na akiigusa amekubali kwamba mambo yalikuwa kama yalivyosemwa. Apenisa aliwatazama wenzake, nao wakawa wanatazama viatu vyao. Mwishowe akanyoosha mkono, akaigusa mizizi, akapiga makofi ya kupokea. Kesi ikaishia hapo. Nilitaka kumkumbatia yule mwanamke, ila alikuwa bado amepiga magoti.

Apenisa akauokota upanga, akaupangusa kwa shati lake, akamnyooshea Maureen.

Maureen akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Bei gani?" akauliza.

Soko zima likaangua kicheko, na Vasemaca, magotini pale pale, alicheka kuliko sote. Apenisa peke yake hakucheka. Aliitazama mizizi ya harusi iliyokuwa miguuni pake.

"Zawadi, mama," akasema taratibu. "Safari hii ni zawadi kweli."