Karani na Fimbo ya Kuvulia

Miaka ya vita vya shifta, karani wa maji alipanga chumba mkabala na changu hapo mtaani Bulla Pesa. Akitoka kazini alikaa mlangoni, akailaza fimbo yake ya kuvulia samaki juu ya kidole kimoja. Ncha ikiinama, aliongeza waya kwenye mpini, ikiinuka, aliupunguza. Alisema ncha nzito huchosha mkono, na mkono uliochoka hausikii samaki akigusa. Lakini mtoni Ewaso serikali ilikuwa imetukataza kwenda kwa sababu ya vita.

"Mzee, huyo nyoka wako wa maji atakuja mpaka Bulla?" Ebla wa chumba cha mwisho cha ploti yetu alimtania, maana kwao hawali samaki, humwona kama nyoka. Karani alicheka tu, akaendelea na waya wake.

Jioni moja akaniita. "Mama Kawira, shika huu mshipi, uvute kidogo kama samaki anayeonja. Naogopa mkono utasahau."

Mimi sikuwa mtu wa kutumwa na wanaume wa ploti, lakini nilishika. Akafumba macho. Nikavuta polepole, kwa vidole viwili.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama. Usiache kwanza."

Majirani wakaanza kufunga milango kwa sababu ya kafyu, na mimi bado nimeshika.