Ngozi Mbichi kwenye Michungwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani mti uliolazwa na upepo umekufa. Mimi niliua mmoja ambao upepo ulikuwa umeuacha hai, na sikushika panga.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa kutoka bondeni, tukapangwa kwa mistari juu ya kilima, mahali pasipo na hata kichaka cha kukinga upepo. Kutoka nyumbani kwetu kwa zamani nilibeba miche mitatu ya michungwa. Vingine vyote vilibaki, vikaliwa na mchwa. Michungwa ilipoanza kuzaa, mama mkwe alisema sasa ndipo anaona tumefika.

Kisha ikaja mvua ya upepo. Iliezua mapaa, ikailaza michungwa yote mitatu, mizizi ya upande mmoja ikabaki nje. Asubuhi tulikwenda kwanza shamba la kijiji, maana asiyeonekana huko aliulizwa. Tuliporudi mchana, miguu mizito, ndipo tukapunguza matawi, tukainua miti polepole, tukaifukia mizizi. Kamba hatukuwa nayo. Mume wangu alikuwa amechinja ng'ombe aliyevunjika mguu katika upepo ule. Akaikata ngozi mbichi mikanda, tukaifunga miti kwenye nguzo.

"Mkanda huu hata dume haukati," alisema.

"Kaza tena, baba watoto," nikamwambia. "Unafunga kama mtu anayeogopa mti."

Likaja jua la wiki tatu. Sisi wafugaji tunajua kwamba ngozi ikikauka inajivuta. Ndivyo tunavyowamba ngoma. Lakini siku ile ya kufunga tulikuwa tumechoka, hakuna aliyekumbuka. Majani yakaanza kuwa ya njano. Mama mkwe akajaribu kupitisha ukucha chini ya mkanda, haukupita.

"Mke wa mwanangu," akaniuliza, "mti huu unauponya au unaunyonga?"

Nikaenda mti hadi mti. Mikanda ilikuwa imezama kwenye gome. Mti mmoja ulikuwa umekauka kabisa. Miwili ilikuwa bado na majani mabichi kileleni.

Mume wangu akasema tusubiri Jumapili, watu wamechoka. Mimi nilichoka kuliko wote. Nikaita nyumba nzima.

"Leteni visu. Ngozi zote zikatwe sasa, kabla mtu hajaonja ugali. Tafuteni matambara, mfunge kwa kulegeza, mti uweze kuyumba. Na mtu asikaze tena, hata nikimwambia mimi mwenyewe."